Balozi wa Ukweli wa Mwabungo

Kurugenzi ya Maadili Sare inayo furaha kuwatangazia wakazi wote wa pwani ya kusini kwamba matumizi ya dhamiri za watu binafsi yamesitishwa. Kila mwananchi mwenye dhamiri yake anaombwa aiache nyumbani. Kurugenzi imepata dhamiri moja, kubwa, ya kisasa, itakayotosha watu wote kuanzia Ukunda hadi Vanga.

Tangazo hilo niliandika mimi, Tofiki, Msemaji wa Kurugenzi, na nililisoma kwa kipaza sauti nikiwa nimesimama juu ya gari sokoni Ukunda. Wananchi walilipokea kwa utulivu mkubwa. Muuza samaki mmoja aliuliza kama kutakuwa na chakula. Nilimjibu kwamba hoja yake itazingatiwa.

Mkurugenzi wetu alikuwa Daktari Chande, msomi mpole mwenye tai ndefu, aliyekuwa amegundua tatizo letu sisi watu wa pwani. Kila mmoja wetu huamua mwenyewe lililo jema, na jambo hilo huvuruga takwimu.

"Tofiki," aliniambia, "huyu anasema wema ni hivi, yule anasema ni vile, mwingine anasema ngoja kwanza nimuulize mamangu. Utawachoraje watu kama hawa kwenye grafu?"

Dawa yake ilikuwa kanuni moja kwa watu wote, mahali pote. Alianza na ukweli. Mtu asimwambie uongo mtu yeyote kwa sababu yoyote. Mwabungo ikateuliwa kuwa kijiji cha majaribio, kwa kuwa ilikuwa karibu na hoteli ya Diani ambamo Kurugenzi ilipanga ofisi zake. Ofisi hizo zilikuwa na bwawa la kuogelea, lakini tulilivumilia.

Hatukukaa sana tukapata kesi.

Pale Mwabungo kulikuwa na mama mmoja, Mwanapili binti Tsuma, aliyekuwa akiuza mbaazi na mahamri barazani kwake. Asubuhi moja jirani yake, Baya, aliingia mbio bila hata kubisha hodi, akajitupa nyuma ya magunia ya nazi ghalani. Mbuzi wa Baya walikuwa wamelala kwenye shamba la Swabir, na kulipokucha hapakuwa tena na shamba. Mara Swabir mwenyewe akatokea na panga mkononi, macho mekundu.

"Shikamoo, mama. Baya yuko hapa?"

"Marahaba, mwanangu. Amepita sasa hivi. Ameshika njia ya Galu, anakwenda kama mwenye tumbo la kuendesha."

Swabir akaelekea Galu. Jua lilikuwa kali na njia ina mchanga mwingi. Alipofika huko pumzi zilimwishia, hasira nazo zikamwishia, akanywa dafu, akalala kivulini. Jioni alirudi panga likiwa kwapani kama mwavuli. Baya akampelekea beberu mmoja na mbegu za mihogo, wakapatana, na wote wawili wakaenda kumshukuru Mwanapili.

Kijiji kizima kilimsifu mama huyo. Ndivyo habari ilivyotufikia.

Daktari Chande aliongoza kikao mwenyewe, chini ya turubai, karibu na bwawa. Mwanapili alikuja na kanga zake mbili na kapu la mahamri, kwa sababu hakupenda kwenda mahali mikono mitupu.

"Mama," Daktari alianza, "ulisema Baya ameelekea Galu. Ulijua kwamba hakuelekea?"

"Nilijua, mwanangu. Alikuwa ananikanyagia nazi zangu."

"Basi hebu fikiria. Kila mtu duniani akisema uongo kama wako, itakuwaje?"

Mwanapili alifikiri kwa dhati. "Kwani kila mtu duniani ana Baya ghalani kwake?"

"Hilo si swali."

"Basi samahani."

"Ulipaswa kujibu nini ulipoulizwa?"

"Ningesema yumo."

"Vizuri sana. Na halafu?"

"Halafu Baya angekuwa vipande."

Daktari alitabasamu kwa subira, kama mwalimu anayeona mwanafunzi amekaribia jibu. "Hayo yangekuwa makosa ya Swabir, mama, si yako. Wewe ungebaki msafi kabisa. Na kwa faida yako, mauaji hayako chini ya Kurugenzi hii."

Swabir aliomba kuzungumza. Alisema kwamba siku ile hakuwa na akili zake, na kama si huyo mama, leo angekuwa gerezani na mkewe angekuwa anamletea maji ya kunywa. Daktari alimweleza kwamba yeye ndiye aliyedanganywa, na mtu aliyedanganywa hana mamlaka ya kushukuru. Swabir aliketi.

Mwanapili alipatikana na kosa. Hata hivyo, Kurugenzi yetu si ya kikatili. Badala ya adhabu, alijengewa uwezo. Aliletwa hotelini kila asubuhi, akafundishwa ukweli na mkufunzi maalumu, na mwisho wa mafunzo akavishwa utepe wa kijani ulioandikwa "Balozi wa Ukweli". Alikula kiapo mbele ya wadau kwamba hatadanganya tena. Mwanapili alikuwa mcha Mungu. Akiapa, ameapa.

Matokeo yalikuwa mazuri ajabu. Mteja akiuliza kama mbaazi ni za leo, mama alimjibu kwamba ni za jana, na nazi yake imeanza kuchacha. Wateja wakahamia kwa muuzaji wa jirani, ambaye mbaazi zake zilikuwa za juzi lakini hakuwa amefundishwa. Bibi harusi alimuuliza kama amependeza, na harusi ikachelewa mpaka alasiri. Husna, mke wa Baya, alikuwa akimuuguza mamake, mzee aliyebaki mifupa. Mwanapili alikwenda kumjulia hali, na mzee akamshika mkono.

"Mwanapili, mwanangu, waonaje? Sina nafuu leo?"

Mwanapili alifungua kinywa, akakifunga. Akamfunika mzee shuka, akatoka nje, akakaa kizingitini akilia kwa sauti ya chini ili asisikike ndani. Husna aliniambia hivyo mwenyewe, na hakuniambia kwa furaha. Nilipompasha Daktari habari alisema tuiweke miongoni mwa mafanikio, kwa sababu kunyamaza si kudanganya.

Basi ikaja habari kwamba Bi Faith, mkubwa wetu kutoka Nairobi, anakuja kuona kijiji cha majaribio kwa macho yake.

Daktari alishuka Mwabungo siku ya ziara asubuhi na mapema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika, na ilibidi nimwonyeshe njia. Mahema yalisimamishwa. Maji yalimwagwa barabarani kuzuia vumbi. Kisha akamvuta Mwanapili kando, mimi nikiwa nyuma yao kama inavyompasa msemaji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, mgeni atakuuliza machache tu. Utamwambia kwamba mimi nimekuwa nikija hapa kila wiki. Kwamba watu wameacha uongo. Na kwamba maisha yako yamekuwa bora."

Mwanapili alimtazama. "Daktari, hayo si kweli."

"Si kweli bado," Daktari alisema. "Ni ukweli ulio njiani."

"Nami niliapa."

Daktari alifuta jasho. Magari yalikuwa yameshaanza kusikika. "Sikiliza, mama. Kwa mamlaka niliyonayo, leo ninakuondolea kiapo. Nakuruhusu utumie dhamiri yako mwenyewe. Ile yako ya zamani. Ya leo tu."

"Yangu mwenyewe?"

"Yako mwenyewe."

"Haya," alisema Mwanapili. Uso wake ulilegea kama wa mtu aliyevua viatu vilivyombana. "Hapo umenisaidia sana, mwanangu."

Daktari alirudi hemani akiwa mtulivu. Kurugenzi ilikuwa imeufanyia utafiti wa kina msimamo wake: mtu wa kawaida akiachiwa dhamiri yake, atadanganya.

Bi Faith alikuwa mwanamke mfupi, mwenye viatu vya raba na haraka nyingi. Daktari alimkaribisha kwa hotuba ya kihistoria, iliyoanza na kuumbwa kwa dunia na kufika kwenye Kurugenzi baada ya muda unaostahili. Kisha Balozi wa Ukweli akaitwa mbele.

"Habari yako, mama?" Bi Faith aliuliza. "Niambie, huu mradi umewasaidia?"

"Hapana, mwanangu."

Kipaza sauti kilipiga mluzi. Nilikirekebisha, kikapiga tena.

"Daktari huja hapa?"

"Amekuja leo. Na leo ameniomba nikwambie kwamba huja kila wiki. Kumficha Baya nilimficha, kwa sababu angekatwa. Wewe huna panga. Kwa nini nikudanganye?"

Baya akacheka, kisha Swabir, kisha kijiji kizima. Daktari Chande alisimama.

"Bi Faith, naomba isichukuliwe maanani. Mama huyu ana historia ya uongo."

Bi Faith aliuangalia ule utepe wa kijani. "Si wewe uliyemfundisha ukweli?"

"Mimi."

"Kwa hiyo amedanganya, na mafunzo yako ni bure kabisa? Ama amesema kweli, na wewe ndiye mwongo? Chagua moja, Daktari. Nina ndege."

Daktari alianza kufungua tai. Bi Faith akanigeukia mimi, nami nikasema kwamba taarifa rasmi itatolewa. Hakungoja. Aliamuru mahema yakunjwe, Kurugenzi ivunjwe siku hiyohiyo, na magari yote, likiwemo la Mkurugenzi, yaondoke naye kuelekea uwanja wa ndege. Kabla hatujajua la kufanya, vumbi lilikuwa limetua.

Watu walitawanyika wakiigiza mluzi wa kipaza sauti. Daktari alibaki amekaa juu ya kiti cha plastiki kiwanjani, tai mkononi. Hakuna aliyemsogelea. Hatimaye Mwanapili alikuja, akamshika kiwiko kama anavyoshikwa mgonjwa, akatuleta sote wawili barazani kwake. Akatupa chai ya tangawizi na sahani ya mbaazi.

"Za leo," alisema.

Daktari alikula bila kuinua kichwa. Niliona kwa mara ya kwanza kwamba alikuwa na mvi. Alipomaliza alisafisha koo.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "najua mambo yameharibika. Lakini hotuba. Hotuba angalau ilikuwa nzuri?"

Mwanapili aliweka birika chini. Wakati wa hotuba ile tulikuwa tumeketi viti vya kupakana, mimi na yeye. Aliegemea nguzo ya hema, akalala tangu kuumbwa kwa dunia, na ilinibidi nimtikise bega alipoitwa mbele.

"Daktari," alisema, "mimi machozi yalinitoka."

Daktari alikaa wima. Akanigeukia, na uso wake ulikuwa umepata damu kidogo. "Umesikia hayo, Tofiki?"

"Nimesikia, Daktari," nilisema. "Nilikuwa kando yake. Mimi ndiye niliyempa kitambaa."

Mwanapili aliniongezea mbaazi.