Mkuyu wa Mzee Katongo

Jumamosi, 5 Oktoba 2024
Namshukuru Mungu! Mama mkwe, Mama Huguette, ametukabidhi bonsai ya marehemu mumewe, mzee Katongo. Mkuyu wa miaka ishirini ndani ya chungu, na haunifikii hata gotini! Miguu ya mama haimruhusu tena kushuka uani kuumwagilia. Nimeshukuru mpaka akaniambia basi. Kasoro moja: umesimama wima kama polisi wa barabarani. Nitauinamisha, uonekane umepigwa na upepo wa mlimani. Jumapili ya wiki ijayo ni misa ya mwaka mmoja ya mzee. Mama atakuja, ataona, atajua binti yake ameolewa na msanii.

Jumapili, 6 Oktoba
Shemeji Edouard amekuja kutoka Kasungami. Ndiye mjuzi wa bonsai katika familia, kwa maoni yake. Akasema nitazame mizizi kwanza, kisha shina, kisha nitafute uso wa mti, yaani upande wa kutazamwa. Nisikate wala kukunja kitu kabla ya wiki nzima kupita. Akauzungusha mara tatu, akiguna kama daktari. Nikamshukuru sana. Wiki nzima! Wivu tu.

Jumatatu, 7 Oktoba
Nimeutazama tangu chai hadi saa nne. Inatosha. Nikazungusha waya wa shaba kwenye shina, nikavuta. Ukainama vizuri! Nikavuta tena kidogo, kwa ajili ya upepo. Kwaa! Kilele chote mkononi mwangu. Mke wangu Victorine akauliza toka jikoni ni nini hicho. Nikasema kiti. Nashukuru hakutoka. Nimekirudisha kilele kwa gundi na kitambaa.

Jumatano, 9 Oktoba
Majani ya juu yamenyauka. Nikamwambia Victorine mti unapumzika. Akafungua kitambaa.
"Lakini Faustin, muti ya papa ilikukosea nini?"
Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejitetea. Alikaa chini kando ya chungu, akasema baba yake aliugeuza kidogo kuelekea jua kila asubuhi, hata wiki aliyofariki. Akalia. Nimempigia Edouard simu mimi mwenyewe. Mdomo mchungu.

Alhamisi, 10 Oktoba
Edouard amefika na baiskeli yake. Alicheka mara moja tu, nashukuru. Akasafisha jeraha kwa kisu, akageuza chungu, akainua tawi la chini liwe kilele kipya. Sasa mti umeinama kama mtu anayesikiliza. Victorine akatabasamu. Nilimshika Edouard mikono yote miwili, nikamwita mjuzi. Mimi!

Jumapili, 13 Oktoba
Baada ya misa, Mama Huguette aliutazama mti, akagusa jeraha kwa kidole. Kisha:
"Kila mwaka Katongo alikuwa anataka kukata ile kichwa, anaogopa. Ni nani alipata roho ya kuikata?"
Nikasema wazo lilinijia tu. Edouard akakohoa. Victorine akanikanyaga mguu. Mama akaniwekea mkono kichwani, akanibariki. Familia gani hii niliyopewa! Nimekula vizuri.

Jumapili, 20 Oktoba
Edouard amekwenda Likasi kwa wiki mbili na kuniachia ufunguo, nimwagilie bonsai zake zote tisa. Mimi, baada ya yote! Moyo umejaa. Ila mmoja, ule anaoupenda kuliko yote, tawi lake la kushoto limezidi. Yeye hajaliona, maskini. Shukrani ya maneno haitoshi. Kesho asubuhi nitamtengenezea.