Taa Iliyonikonyeza Wiki ya Posa

Jumatatu, 3 Februari 2025

Taa ya injini imeanza kunikonyeza leo, nikirudi kuwapeleka wageni Matemwe. Si kuwaka tu. Inawaka, inazimika, inawaka! Gari inatetemeka kama ina homa. Na wiki yenyewe ndiyo hii! Ijumaa baada ya Alasiri Ami Pandu na Shangazi Mwanaasha wanakwenda Makunduchi kuniposea Salhiya, na gari ya kuwapeleka ni hii hii. Kwao Salhiya nimeshajisifu kwamba nina gari nzima.

Fundi wa kuaminika ni mmoja, Junaid, nyuma ya Darajani. Haiwezekani. Kila Jumapili Junaid yuko kwao Salhiya, anakula na kucheka na mama mtu. Juzi nimemwona amempakia Salhiya kwenye vespa, mchana kweupe. Akiishika gari yangu atajua safari ya wapi, naye atapeleka wazee wake kabla yangu. Bora niende kwa miguu.

Jumanne, 4 Februari

Gari nimeitibu mwenyewe. Nimevua waya wa betri, nimekunywa chai, nimeurudisha. Taa imezimika! Nimejipongeza njia nzima mpaka Mwanakwerekwe, na hapo ikarudi. Sasa redio imesahau stesheni zote, na ndani ya gari kunanuka petroli.

Dada yangu Yusra ameuliza kwa nini nisiende kwa Junaid. Nimemwambia haya ni mambo ya wanaume. Amesema basi wanaume watalala Kitogani na gari yao. Mtu wa kukatisha tamaa tangu utotoni.

Jumatano, 5 Februari

Nimekwenda kwa Junaid kwa ujanja. Nikamwambia kuna rafiki yangu ana taa ya namna hii. Akaeleza vizuri tu, maskini, hakushtuka. Taa ikiwaka bila kupepesa, gari inaweza kungoja kesho. Ikipepesa, silinda moja haichomi, petroli inatoka mbichi mpaka kwenye ekzosi na kuiunguza. Rafiki yangu asiendeshe hata kidogo. Kisha akauliza rafiki yangu ana gari gani. Nikasema ni boti.

Akatazama ng'ambo ya barabara, gari yangu ilikuwa inatetemeka peke yake. Nadhani hajashuku.

Alhamisi, 6 Februari

Leo akili imefanya kazi. Tatizo si injini, tatizo ni wazee kuiona taa na kuisikia harufu. Juu ya taa nimebandika stika ya Mashaallah. Harufu nitaipiga kwa udi. Nimechukua chetezo cha mama bila kumsumbua. Posa yenye udi tangu garini! Watasimulia.

Ijumaa, 7 Februari

Stika ni nyembamba. Mwanga unapita. Shangazi alipoona Mashaallah inawaka na kuzimika alifurahi sana, akauliza nimeipata wapi. Nikasema Dubai.

Ami Pandu hakufurahi. Aliuliza petroli inanuka wapi, na kwa nini kuna chetezo cha moto miguuni pake. Hakungoja jibu. Chetezo cha mama kimebaki Tunguu, kichakani.

Tulipopita Kitogani gari ikazima. Shangazi akakaa juu ya jiwe na buibui lake jipya, juani. Nikasema mafundi wote wako safarini. Akaninyang'anya simu, akampigia Yusra. Kumbe Yusra alishamtuma Junaid atufuate tangu tulipotoka.

Junaid akaja na vespa na begi la zana, akawaamkia wazee, akachomeka kimashine cha kusoma ubovu wa injini chini ya usukani. Kikasema silinda ya tatu. Akaing'oa koili ya tatu, ile inayoipa plagi moto, akaibadilisha na ya kwanza, akawasha. Sasa kimashine kikasema silinda ya kwanza! Ubovu umehama na koili, kwa hiyo mbovu ni koili, plagi haina kosa. Akatoa koili nyingine begini, akaifunga. Injini ikatulia. Taa ikazimika yenyewe, bila stika.

Nilipaswa kushukuru. Badala yake nikamwambia mbele ya wazee kwamba najua anataka kuniwahi kwa Salhiya.

Akafuta mikono taratibu.

"Nikuwahi wapi, Haroub? Salhiya ndugu yangu. Mamake kaninyonyesha, sote titi moja. Mimi n'tamuoa vipi?"

Shangazi akasema Makunduchi nzima inajua. Mimi ndiye sijui! Mwaka mzima nimemchukia ndugu wa kunyonya. Niliona haya mpaka masikio yakachoma, lakini furaha ilikuwa kubwa zaidi.

Junaid akatufuata na vespa mpaka Makunduchi, wazee wakaingia kwao Salhiya tumeshachelewa. Mimi, kwa adabu, nikajificha garini nyuma ya skuli. Baba yake akamwita Junaid ndani amuulize tabia yangu. Alipotoka akaniambia alichosema: kwamba mimi ni mwongo wa mambo madogo madogo, lakini sina ubaya, na mama yangu namtunza. Jibu wataleta.

Jumapili, 9 Februari

Wamekubali! Shangazi amepiga vigelegele kwenye simu. Mama amenisamehe chetezo. Nimekwenda kumkumbatia Junaid, akaniomba nisichafue shati.

Baadaye Salhiya mwenyewe amepiga. Amesema amenikubali kwa sharti moja tu, nisimfiche kitu tena, hata taa ya gari. Nikamwahidi kwa moyo wangu wote. Nilijisikia mtu mpya kabisa.

Kisha akauliza, kwa upole, kama yule pweza wa nazi niliyempelekea mama yake Shaabani hii nilimpika mwenyewe kweli.

Nikasema naam.

Amefurahi mno. Mama yake anakuja kutuona Alhamisi pamoja na dada zake, na anataka pweza yule yule, nimpike wao wamekaa ukumbini.

Nimeshazungumza na Yusra. Ataingia kwa mlango wa uani, atapika kama siku ile, atatoka. Mimi nitafunga mlango wa jikoni na kugonga masufuria. Mpango huu hauna kasoro hata moja.