Punda wa Matawi na Kilo Zangu

Kigango cha Kichangani,
Malangali,
Sumbawanga.

Mpendwa Baba Paroko,

YAH: KUNYIMWA PUNDA KWA SABABU YA UZITO

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya njema na, ikiwezekana, ukiwa umeshakunywa chai, kwa kuwa yaliyomo si ya kusomwa na mtu mwenye njaa. Mimi ni mzima wa mwili. Kuhusu roho, endelea kusoma.

Wewe umehamia kwetu juzijuzi, hivyo niruhusu nieleze kidogo. Hapa kigangoni tuna desturi kwamba Jumapili ya Matawi mwenyekiti hupanda punda kutoka njia panda ya kule bondeni hadi mlango wa kanisa, waumini wakimfuata na matawi yao. Katekista husoma, kwaya huimba, mwenyekiti hupanda. Kila mtu na kazi yake. Mwenyekiti huyo ni mimi. Punda ni wa Minza, mama wa Kisukuma ambaye yeye na mumewe walihamia huku na ng'ombe wao, na hutuazima mnyama huyo kwa moyo mweupe ingawa si muumini wetu. Punda anaitwa Shemeji. Sijui ni shemeji wa nani na sikuona vizuri kuuliza.

Sasa kamati imekaa bila mimi, siku niliyokuwa mpakani Kasesya kumpokea mjomba wangu aliyekuwa anatoka Zambia, ikaamua kwamba mwaka huu sipandi, eti nimezidi uzito ambao punda anaweza kuubeba bila kuumia. Aliyeumia ni mimi, Baba. Niliporudi na kuambiwa, nilikwenda kulala bila kula, na mke wangu Stefania akaanza kutafuta dawa za malaria. Naomba uutengue uamuzi huo kwa sababu zifuatazo.

1. Kipimo hakikuwa cha haki. Kijana Jastin, afisa mifugo, alikuja na utepe wa fundi cherehani, akamzungushia punda kifuani nyuma ya miguu ya mbele, akapima na urefu wa mwili, akabonyeza simu yake, akatangaza kwamba Shemeji ana kilo mia moja na hamsini. Kisha akasema mnyama kama huyo hubeba mtu kwa raha iwapo mtu huyo hazidi robo ya uzito wake, na pungufu ya hapo ni bora zaidi. Ndani ya robo hiyo ahesabiwe mtu, blanketi la kukalia, kanzu, viatu na hata tawi alilolishika. Mimi sigombani na utepe. Ninachosema ni kwamba punda alipimwa alfajiri kabla hajatia kitu mdomoni, ilhali mimi nilipimwa mchana nikitoka jumuiyani, ambako akina mama walikuwa wamepika ugali wa ulezi na samaki wa migebuka. Huwezi kumchukua mwenye njaa ukamlinganisha na aliyeshiba, halafu ukaiita hiyo hesabu. Naomba Shemeji alishwe pumba, anyweshwe maji mpaka akatae mwenyewe, ndipo apimwe upya. Na kama robo ndiyo sheria, basi anenepe. Nimepiga hesabu: akifika kilo mia nne sabini na mbili tutakuwa sawa kabisa. Sioni kwa nini kazi ya kubadili mwili iachiwe upande mmoja.

2. Kilo zenyewe si zangu zote. Nakubali kwamba mizani ilisoma mia moja na kumi na nane. Lakini mwenyekiti hutembelea jumuiya zote, na kila nyumba humpikia, na akikataa chakula inasemwa ana kinyongo na nyumba hiyo. Nilikula kwa ajili ya umoja wetu. Nilipochaguliwa nilikuwa mwembamba, picha ipo sebuleni, ingawa wajukuu hubisha kwamba si mimi. Kwa hiyo kilo zote zilizokuja baada ya uchaguzi ni mali ya kigango, na ni wajibu wa kigango kuziondoa katika hesabu yangu. Dereva wa gari la ofisi hahesabiwi kuwa gari ni lake. Aidha, siku ya kupimwa nilikuwa nimevaa koti zito, kwa kuwa ukungu wa Machi huku kwetu hauna huruma, na nimeambiwa koti hilo halikupunguzwa.

3. Nilidhalilishwa hadharani. Nilipobisha, kamati ilisema nipimwe ili kusiwe na maneno. Nikapelekwa Majengo, dukani kwa Silvana anayenunua mahindi, nikapandishwa kwenye mizani ya magunia mbele ya wateja wake. Silvana ni mama mwenye sauti. Alitazama mizani, akaitazama tena, akapaza sauti mpaka dukani kwa jirani: "Gunia na debe, Mwenyekiti! Na haya ndiyo makavu!" Watu waliacha mizigo yao kuja kuangalia. Kabla sijashuka, picha yangu ilikuwa imeshafika kwenye kundi la WhatsApp la kigango, na kijana mmoja wa kwaya, ambaye nilimsimamia kipaimara, aliandika chini yake, "Mzee kaua mizani." Walioweka alama ya kucheka ni wengi kuliko wanaokuja misa ya asubuhi. Naomba jambo hilo ulitolee mahubiri.

4. Dalili za maumivu hazithibitishi lolote. Jastin aliwafundisha wanakamati namna ya kumtambua mnyama aliyezidiwa: masikio hulala nyuma, mkia hupigapiga, mgongo huzama, hatua huwa fupi, pumzi hutoka kwa nguvu, na mara nyingine hugeuza kichwa kumtazama aliyempanda. Baba, dalili hizo zote naziona kwa Stefania ninapoleta wageni bila kumwambia, na hakuna kamati iliyowahi kukaa kwa ajili yake. (Hili la Stefania nilitaka kulikata, lakini kalamu imeshaandika, naomba libaki kati yetu.) Isitoshe, Shemeji hulaza masikio hata akiwa hana kitu mgongoni. Ndivyo alivyo. Na kuna jambo ambalo hakuna afisa aliyeliuliza, nalo ni raha yangu mimi. Mgongo wa punda yule una mfupa katikati ambao siwezi kuueleza katika barua inayokwenda kwa padri. Nimeuvumilia miaka yote hii kwa ajili ya imani.

5. Punda hubeba magunia. Hoja hii niliipeleka mwenyewe kwa Minza, kwa adabu zote. Nilimwuliza, kama Shemeji hubeba mahindi kutoka shambani, kwa nini ashindwe kunibeba mimi, tena mimi ninayejishikilia mwenyewe? Minza alikuwa anapepeta maharage, hakuacha. Akasema, "Baba Mwenyekiti, gunia la kujaa halijawahi kukaa mgongoni kwake, tunaliweka kwenye mkokoteni. Na tukimpa kidogo mgongoni, kinakaa kimya. Gunia halipungi watu mkono." Kumbe, kwa maelezo yake, mzigo unaogeukageuka huku na huku humchosha mnyama kuliko uliotulia. Sasa nikae juu ya punda katika siku kubwa kama ile bila kupunga? Watu watadhani nimekamatwa. Akaongeza kwamba mwaka jana baada ya sherehe yetu Shemeji aligoma kuguswa mgongo, akakataa na mkokoteni, na maji ya nyumba nzima aliyabeba yeye Minza kichwani mpaka mvua zilipokatika. Nilimpa pole, na pole hiyo bado naisimamia. Ila kwa maoni yangu jambo hilo lilitokana na umri wa punda na utelezi wa kilima, na si vizuri kumtwisha mtu mmoja lawama ambayo hata kilima kinahusika nayo.

6. Mtu aliyewekwa badala yangu. Kamati ilitafuta mtu mzima asiyezidi robo ya punda, ikapita nyumba kwa nyumba, ikampata Bibi Marsiana, mwenye kilo thelathini na nne, na naamini kati ya hizo mbili ni rozari na kopo la ugoro. Bibi Marsiana ni mama mkwe wangu.

Tafakari. Nimeishi na binti yake kwa heshima kubwa. Mama huyu akipita njia hii, mimi hupita ile. Namwamkia shikamoo nikiwa mbali, nikitazama chini, kama tulivyolelewa. Leo niambiwe nitembee kwa miguu kando yake kutoka njia panda hadi kanisani, yeye juu, mimi kwenye tope, watoto wakitushangilia? Akiyumba, ni nani wa kumdaka? Mimi siruhusiwi, na kumwacha aanguke pia siruhusiwi. Amekubali kazi hiyo upesi mno kwa mwanamke wa umri wake. Nimesikia ameshaanza kufanya mazoezi kwenye mkono wa kochi, akipunga. Yeye akipunga hakuna anayesema punda anachoka.

Nikiwa mtu wa suluhu, sikuja na malalamiko matupu. Napendekeza waazimwe punda wawili, wafungwe sambamba, niwekewe ubao juu yao. Ikishindikana, vijana wanne wenye nguvu watembee ubavuni wakinishikilia miguu na mikono, ili Shemeji abebe kiwiliwili tu. Ikishindikana na hilo, nipande, punda asimame palepale mlangoni pa kanisa bila kupiga hatua, na maandamano yote yanizunguke mimi. Kwa namna hiyo hatakuwa amenibeba kwenda popote, atakuwa amenishikilia tu. Na ikionekana kwamba hata kunishikilia ni kosa, basi kanisa lihamishiwe njia panda, kwa kuwa ukichunguza vizuri utaona shida yote hii inatokana na kilima.

Niseme na moja ambalo si hoja. Mwaka mzima mimi ndiye wa kuwakumbusha watu kufyeka uwanja wa kanisa, kunyamazisha watoto na kupanga viti vya misiba. Wakiniona wanakata kona. Najua, nawaona. Lakini siku ile moja ya Matawi hutoka mpaka barabarani kunitazama, wazee wananipungia, na hata wale tuliokosana hucheka na mimi. Nikishushwa kwenye punda, Baba, sijui watanifurahia kwa lipi. Ndiyo maana nimeandika karatasi nyingi hivi.

Nakuomba utoe jibu kabla Minza hajamwogesha punda kwa ajili ya sherehe, kwa sababu akishaogeshwa kamati itasema mambo yamekwisha. Nisalimie masista wote, mpishi wako, mlinzi, na yule mbwa wa parokia ambaye hunibwekea bila sababu. Wajukuu wanakusalimu. Stefania anakusalimu pia, japo hajui nilichokiandika, na naomba ibaki hivyo. Mama mkwe sijamwuliza kama anakusalimu, kwa mazingira yaliyopo.

Ni mimi mwanakondoo wako, ingawa si mdogo,

Sebastiani Sikazwe,
Mwenyekiti wa Kigango.

Nyongeza: Baba, naandika haya nikiwa nimekaa kwenye ukuta wa parokia, bahasha nimeshaifungua tena. Asubuhi hii nilipokuwa naileta barua nilipita kwa Minza nikakuta wote wameenda shambani. Shemeji alikuwa amefungwa peke yake kwenye uzio. Shetani akaniambia, panda, upate ushahidi, ujazie hoja ya saba. Nikageuza kinu cha Minza, nikakikanyaga, nikapanda.

Hakurusha teke. Hakutembea wala hakulia. Alisimama tu. Na kwa kuwa hapakuwa na ngoma, wala kwaya, wala akina mama wa kupiga vigelegele, ndipo kwa mara ya kwanza nikasikia kwa mapaja yangu jinsi mgongo wake unavyotetemeka, mtetemo mdogomdogo, kama sufuria inayokaribia kuchemka. Nikadhani ni mimi ninayetetemeka. Nikabana pumzi nikakaa kimya kama gunia, bila kupunga mtu yeyote. Ulikuwa ni mgongo wake. Miaka yote nimekuwa nikipunga, yeye akitetemeka hivyo chini yangu, na nilikuwa sisikii kwa sababu ya shangwe.

Nilishuka vibaya, nikachubuka goti. Akavuta pumzi ndefu sana. Nilimwomba radhi kwa Kifipa, halafu nikakumbuka ni punda wa Kisukuma, nikarudia kwa Kiswahili.

Mpandisheni mama. Kamba nitaishika mimi, na akiyumba nitamdaka, mila itanisamehe. Barua nimekuletea hivyohivyo, kwa kuwa niliiandika kwa bidii na mwandiko umetulia. Naomba uikatae.