Jeremiah na Farasi Aliyekataa Kuingia Bandani

Sogeeni, enyi mliochoka na habari za wafalme. Tulieni msikie vita vya Ijumaa ile huko Al Rayyan, karibu na Doha, ambapo mtu mmoja alikabiliana na farasi mmoja mlangoni pa banda, naye Mungu akatazama.

Banda lenyewe lilikuwa la matofali mekundu, pembeni mwa nyumba kubwa ya shambani. Lilijengwa na babu wa mwenye shamba, na kuta zake zilikuwa nene hata jua la Doha likichapa mchana kutwa lisipenye. Mtunzaji wake alikuwa Jeremiah, mwana wa Bungoma, Bwana wa Reki, Mbeba Ndoo Mbili. Amri aliyopewa ilikuwa moja: kabla ya saa mbili asubuhi, Najma, farasi jike mkongwe, awe ndani, maana joto lingemuua.

Siku hiyo, maana huko ibada ya kanisa huwa Ijumaa, siku ya mapumziko, Jeremiah alikuwa asome Neno mbele ya kanisa kule Mesaimeer, mara yake ya kwanza, baada ya miezi mitatu ya kujizoeza asikwame. Gari lingeondoka saa mbili kamili. Kwa hiyo alioga kabla ya kazi ya mwisho, akavaa suti ya kijivu, akajipaka udi, ndipo akamwendea Najma.

Najma alimnusa, akakita kwato, akawa ngome.

"Ewe binti wa majangwa," akanena Jeremiah, "miaka mitano umekula mkononi mwangu. Leo wanifanya mgeni?"

"Hakujui, Jere," alisema Emily, mpishi wa nyumba kubwa, kutoka dirishani mwa gari. "Unanukia kama bwana harusi."

"Dakika tano, ndugu yangu," akasema Trevor, dereva. "Kuna wengine kumi wananingoja barabarani."

Jeremiah akashambulia kwa tende upande wa kulia. Akashambulia kwa karoti upande wa kushoto. Akavuta kamba, na kiatu kimoja kikabaki mchangani kama shujaa aliyeanguka.

Ndipo akafumba macho. "Bwana, uliyemuumba huyu na shingo yake, nionyeshe njia."

Alipoyafumbua aliiona ovaroli yake msumarini, imekauka jasho la wiki nzima. Akaivaa juu ya suti, akaifunga vifungo hadi kooni. Najma akanusa mkono wa ovaroli, akashusha pumzi ndefu, akamfuata ndani bila kuvutwa. Komeo likaingia mahali pake ikiwa imebaki dakika moja.

"Hiyo ovaroli hutavua?" akauliza Emily.

"Dada, vifungo ni kumi na vitatu. Twende."

Hivyo ndivyo Jeremiah alivyosimama mbele ya kanisa akinuka udi na farasi kwa pamoja, akasoma aya kumi na moja asikwame hata mara moja. Waliokaa mbele walihamia safu ya nne, na huko nako walimsikia vizuri. Waandike wenye kalamu: Ijumaa hiyo Al Rayyan haikupoteza farasi, wala Mesaimeer haikukosa msomaji.