Mwanangu Amewanawisha Wakwe

Sumbawanga,
9 Agosti 1996.

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo,

Shikamoo, kama umri wako unaruhusu. Mimi ni mama mzazi wa Coleta, mwanafunzi wako wa shahada ya pili ya afya ya jamii. Darasa la nne niliishia njiani, utanisamehe mwandiko. Huku wazima, mahindi tumevuna. Ila nina malalamiko.

1. Mmemleta nyumbani miezi mitatu kufanya utafiti. Miaka yote hiyo ya kusoma, na hana hata sindano! Mzee Zenon alikuja ameshika shavu, jino linamuua. Coleta akamuuliza maji ya kunywa anachota wapi.

2. Ameniuliza mimi, mama yake, maswali arobaini na sita, na ya chooni yamo. Nikavumilia. Kumbe kwenye karatasi nimeandikwa "Mhojiwa Namba Saba". Namba Moja ni jirani yangu Mama Stefania, ambaye choo chake hakina hata mlango. Huyo ndiye aliyembeba miezi tisa?

3. Hili ndilo limeninyima usingizi. Wakwe walikuja kutoka Namanyere kuleta posa. Desturi unaijua: beseni moja, ananawa mkubwa, linapita mpaka kwa mdogo, ugali unaliwa. Coleta akalinyakua mikononi mwa mjomba wa kijana, akamwaga maji nje, akarudi na sabuni na jagi la plastiki la dukani kwa Shamsi. Mjomba akasema, "Tumekuja kuoa, hatukuja kuoshwa kama maiti." Wakaondoka na posa yao. Coleta ana miaka thelathini na mmoja, Mkuu. Nisiseme zaidi.

Kwa hiyo naomba mumhamishie kwenye shahada yenye sindano. Ikishindikana, waandikieni wakwe, kwa mhuri, kwamba alikuwa kazini. Na hilo likishindikana, basi leteni kijana wa darasani kwenu aliyekwisha kuzoea jagi.

Wasalimie walimu wote, na mama watoto, na mpishi wenu. Huyo mpishi mwambie mtoto amekonda.

Ni mimi mwenye uchungu wake,
Mama Coleta.

N.B. Barua ilikaa wiki mbili ikingoja stempu. Jumamosi kwa wale wakwe kulikuwa na harusi ya kijana wao mwingine, beseni likawa lile lile moja. Wameharisha wote, bwana harusi akiwemo. Jana mjomba karudi. Kabla hata ya salamu kanyoosha mikono, kauliza jagi liko wapi. Posa tumepokea. Mtoto msimhamishe. Ila lile la Namba Saba liko pale pale.