Tundu Nililoligundua Ndani ya Unix

Jumatatu, 4 Novemba
Siku yangu imefika! Mzee Tihomir, aliyeitunga Svredel, lugha yetu ya programu, ametuandikia wajenzi wote. Sehemu ya mafaili imemchosha. Atakayerekebisha ruhusa za mafaili na kuleta majaribio yanayopita yote, atakabidhiwa funguo za sehemu hiyo. Yaani hakuna atakayegusa hata mstari mmoja bila idhini yake. Idhini yangu! Mjenzi mwenzangu Rangel akitaka kuhamisha nukta, itabidi anibembeleze. Miaka sita ananisahihishia kazi kwa kale kasauti kake, eti samahani ndugu yangu, ila hapa umeteleza kidogo. Kidogo! Tutaonana.

Hitilafu yenyewe ni aibu tupu. Faili lina ruhusa za aina tatu: za mwenyewe, za kundi lake, za watu wengine. Svredel inasoma za mwenyewe tu, kisha inamwambia kila anayeuliza kwamba ruksa, pita.

Jumanne, 5 Novemba
Nimerekebisha kabla banitsa yangu, mkate wa jibini wa asubuhi, haijapoa. Sijisifu, naandika kilichotokea. Nimetunga majaribio arobaini na moja, mazuri mno, mengine nimeyasoma mara mbili kwa raha tu.

Nikayaendesha. Thelathini na mawili kijani. Tisa mekundu, yaani yamefeli!

Haya tisa yanafanana. Nafunga faili kwa watu wote, lisisomwe, lisiandikwe. Halafu naiambia Svredel ilifungue. Inapaswa kukataliwa. Lakini wapi, faili linafunguka kama duka! Nimekagua msimbo wangu hadi mchana. Hauna doa. Nikajaribu kufungua faili kwa mkono, bila Svredel. Likafunguka vilevile.

Jumatano, 6 Novemba
Nimeelewa. Kosa si langu. Kosa ni la Unix, mfumo wenyewe unaoendesha kompyuta!

Nusu karne dunia nzima imeitegemea, mabenki, hospitali, meli, na hakuna aliyeona tundu hili. Nimeliona mimi, Lyuben Karaivanov, jikoni kwangu hapa Ruse. Na mtu asiniambie sikuwa na mamlaka ya kutosha. Nilikuwa ndani ya akaunti ya mkuu wa mashine, kama kawaida yangu. Situmii nyingine. Kompyuta ni yangu, nimuombe nani ruhusa? Basi nilikuwa na mamlaka yote, na bado lile faili lilishindwa kunikatalia.

Nimeandika tangazo la kurasa saba na kuambatanisha picha yangu, ile ya upande. Silitumi lakini. Rangel ataliiba. Ijumaa ni siku ya jina lake, sikukuu ya mtakatifu aliyeitwa kwa jina lake, na siku ya jina hakuna kualikana, mlango uko wazi kwa anayekuja. Mzee Tihomir hakosi, anapenda sarma, zile za kabichi iliyofungwa na nyama, anazopika mama yake Rangel. Nitalitangaza pale pale. Nyumbani kwa Rangel, kwenye kompyuta ya Rangel, Rangel akiwa ameshika sahani.

Alhamisi, 7 Novemba
Nimepiga pasi shati. Nimefanya mazoezi ya kutua kabla ya neno "tundu".

Rangel ameandika. Eti ameisoma kazi yangu, ni nzuri sana, na yeye hata hajajaribu kushindana. Anataka kujua tu majaribio yamepita yote? Nikamjibu: kesho utajua. Huyu ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Namjua.

Ijumaa, 8 Novemba
Nimefika na maua saba kwa mama yake, Bi Tsonka. Watu wamejaa. Nikasubiri Mzee Tihomir afike sarma ya tatu, nikasimama. Nikatua. Nikasema "tundu". Wote wakanigeukia. Raha iliyoje!

Nikayaendesha majaribio kwenye kompyuta ya Rangel, mbele ya macho yao.

Arobaini na moja. Yote kijani.

Bi Tsonka akapiga makofi, eti hongera mwanangu, kijani ni kizuri, sivyo? Nikapaza sauti kwamba si kizuri hata kidogo, mashine hii ni mbovu. Mzee Tihomir akaniuliza taratibu, nyumbani naingia kwa akaunti gani. Ya mkuu, nikamwambia, ningeingia na ya nani? Akaweka uma chini. Akacheka mpaka akafuta machozi kwa kitambaa cha meza. Eti mkuu wa mashine hakatazwi na faili lolote, ndivyo ilivyoundwa kabla sijazaliwa; kwa Rangel yamepita kwa sababu yeye huingia kama mtu wa kawaida.

Rangel hakucheka. Hilo liliniuma zaidi. Akanishika bega, akasema marekebisho yangu ni sahihi, yeye asingeyaweza. Na Mzee akakubali! Akaniambia nifungue akaunti ya mtu wa kawaida, niendeshe majaribio nyumbani, nitume matokeo kabla ya saa sita mchana Jumapili. Yakiwa kijani yote, funguo zangu. Kazi ya dakika mbili, akasema.

Jumapili, 10 Novemba
Saa nne asubuhi nimefungua akaunti ya mtu wa kawaida. Nikaingia. Nikafungua folda ya majaribio. Ruhusa imekataliwa.

Mimi! Folda niliyoitengeneza kwa mikono yangu hii! Nikarudia. Imekataliwa. Mara ya tatu nikapiga meza, kahawa ikamwagika. Hakuna mashine ya kunidhalilisha nyumbani kwangu. Basi nikaipa akaunti hiyo namba sifuri, ileile ambayo mashine humtambua nayo mkuu. Jina la kawaida, mamlaka kamili. Milango yote ikafunguka. Adabu ikarudi.

Saa sita kasoro robo nikaendesha. Thelathini na mawili kijani. Tisa mekundu.

Ee, mmeona? Hata mtu wa kawaida anapita! Nikamtumia Mzee matokeo, pamoja na kurasa saba, ambazo sasa ni kumi na moja.

Majibu yamekuja saa saba. Funguo amepewa Rangel. Marekebisho yangu yameingizwa yote, bila kubadilishwa hata herufi, na jina langu juu yake. Kuhusu tundu, kimya.

Wanaogopa, ni hilo tu. Siwalaumu, jambo ni zito kwao. Nitamwandikia mwenye Unix mwenyewe. Barua iko tayari, bado natafuta anwani yake.