Akina Kobina Watatu na Akaunti Moja

Jumatatu, 4 Agosti

Hili sijamwambia mtu, hata padri: sijui kuunda seva. Nilidanganya. Anti Araba alilalamika mezani kwamba bosi wake, Mzee Essel, anataka kompyuta moja ishike majina na nywila za ofisi nzima, nyingine zote ziiulize kabla ya kumfungulia mtu. Binamu yangu Fiifi akafungua mdomo kujitolea. Mimi, ninayetetemeka hata kununua donge la kenke sokoni, nikamwahi: naijua kazi hiyo! Sasa Mzee ameahidi kwamba seva ikiwa inafanya kazi kufikia Ijumaa, ataniandikia barua ya kunidhamini chuo cha kompyuta. Bila barua, hakuna chuo. Fiifi eti ataniombea. Nyoka!

Jumanne, 5 Agosti

Ofisi ni ya kutoa mizigo bandarini. Watu thelathini na mmoja. Maelekezo ni ya Kiingereza. Nimeyasoma kwa Kiingereza, nikalia kwa Kifante. Nikaanza kuingiza majina ya nyumbani, yanayotokana na siku ya juma mtu aliyozaliwa, maana ndiyo tunayoitana. Esi wa kwanza, sawa. Esi wa pili, mashine ikagoma: jina lipo. Na bado Esi watatu! Takoradi nzima ilizaliwa Jumapili?

Hapo akili ikanijia. Siku ni saba. Majina saba ya kiume, saba ya kike. Akaunti kumi na nne tu! Waliozaliwa siku moja watumie moja. Nimemaliza kabla ya chakula cha mchana. Fiifi akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia wivu utamtoa chunusi.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeongeza mashine ya pili. Inanakili kila inachofanya ya kwanza, ili moja ikifa nyingine ishike. Mzee kanisifu mbele ya watu. Nilitazama viatu vyake.

Alhamisi, 7 Agosti

Msiba. Mzee, ambaye ni Kobina Essel, aliandika barua ya kumfukuza karani wa forodha. Karani ni Kobina Arhin, wa Jumanne kama yeye. Asubuhi kafungua kompyuta, kaikuta. Akaisoma kwa sauti! Akauliza, miaka kumi na tisa kawatolea makontena, ndiyo shukrani hii? Kobina wa tatu, dereva, akampa pole: yeye aliisoma tangu jana, alidhani kaka anajua.

Mzee akatoka anafoka, nani kaingia kwenye mafaili yake? Nikaingiwa na hofu. Nikafuta akaunti ya Kobina kuficha ushahidi. Kidole kikateleza, nikafuta zote. Nikajiliwaza, si ipo mashine ya pili? Ya pili, tiifu kama mtoto wa katekista, nayo ikafuta zote.

Hakuna anayeweza kufungua chochote. Malori yamepanga foleni hadi barabara kuu. Nilijifungia chooni mpaka saa kumi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimekwisha. Sikwenda ofisini. Jioni Anti kaja kukaa kitandani kwangu. Akasema mwanangu, Mzee hana hasira na kosa, ana hasira na kimya chako. Jumatatu nikamweleze ukweli mwenyewe. Fiifi amekubali tuanze upya pamoja, mtu mmoja akaunti moja, na barua nitaipata. Nikalia, nikamkumbatia, nikaahidi.

Lakini Fiifi anisaidie? Afadhali nikauze samaki!

Nimewaza. Kesho ofisini hakuna mtu, na ufunguo uko kwenye mkoba wa Anti. Nitaingia peke yangu, niunde yote upya, Jumatatu wakute kila kitu kinafanya kazi. Nani ataulizia ukweli hapo? Na majina ya siku, mwiko! Safari hii natumia majina ya ukoo. Tena ni rahisi zaidi: karibu wote pale ni ndugu wa Mzee, akina Essel. Akaunti nne, tano hivi, nimemaliza.

Nyayo ukumbini! Anti anauliza nani kaona mkoba wake. Daftari chini ya godoro, upesi, lakini huko tayari kuna mko—